Herufi ya Tatu Kwenye Mlango wa Hekalu

Msitu mnene wa kwanza kuuona kwa macho yangu niliutengeneza mwenyewe, kwa magunia, kamba za katani na rangi ya kijani iliyokuwa ikikauka kabla brashi haijafika mwisho wa ubao. Nimezaliwa Shinyanga, nchi ya vichaka na miiba. Huku tukitaka kuona majani marefu tunakwenda kwenye ngitili, eneo ambalo wafugaji hulitenga na kulinyima ng'ombe hadi kiangazi kiwe kikali. Ndani ya ghala lililokuwa la pamba, kwa miezi minne, nilitakiwa kuotesha msitu wa Amerika ya Kati, katikati yake nijenge hekalu la kale, ndani ya hekalu nifiche mafumbo, kisha nifunge mlango na watu wakiwa ndani.

Ghala lilikuwa la tajiri mmoja wa mjini. Tajiri ndilo jina tulilomwita sote, hata mbele yake. Babu yake alitoka Bara Hindi akanunua pamba hapo hapo. Baba yake akauza baiskeli. Yeye anauza vipuri vya mashine kwa watu wa migodini, na Kisukuma anakiongea vizuri kuliko mimi. Alikuwa amekwenda kuwatembelea ndugu zake Dubai, wakampeleka kwenye chumba cha mafumbo. Mnaingia watano au sita, mnafungiwa saa nzima, mnatafuta vidokezo, mnakuna vichwa pamoja, na mkiweza mlango unafunguka. Alirudi na picha za hekalu kwenye simu na wazo kichwani: Geita imejaa wafanyakazi wa kampuni wanaopelekwa kwenye semina za kujenga umoja, na semina zenyewe ni kukaa kwenye viti vya plastiki na kusikiliza mtu. Kwa nini wasije Shinyanga wakafungiwe?

"Yaani watu watatoka kwao kwa hiari kuja kufungiwa?" aliuliza fundi aliyeitwa kujenga, siku alipoelezwa kazi.

"Kwa hiari," tajiri akasema.

"Kule mgodini Rwamgasa tulifungiwa na hakuna aliyetuomba."

Tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Mimi niliitwa kwa sababu tajiri alisikia kuna binti amerudi kutoka Dar es Salaam anaandika riwaya. Ilikuwa kweli kwamba nimerudi. Kuandika ilikuwa habari nyingine. Nilikuja kwa mama nikisema nitakaa mwezi mmoja, nimalizie sura ya saba mahali penye utulivu, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Sura ya saba ilikuwa na mwanamke aliyesimama jikoni na sikujua namna ya kumtoa humo. Kila asubuhi nilifungua daftari, nikamkuta amesimama pale pale, na chai ya mama imepoa mezani. Dar es Salaam wenzangu waliendelea kukutana kila Jumamosi kusomeana kazi zao, na walinitumia picha. Kwa hiyo tajiri aliponiuliza kama naweza kubuni hadithi ya chumba kimoja chenye mlango mmoja, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza.

Mambo ya Amerika ya Kati nilikuwa siyajui. Tajiri alitaka piramidi, nyoka mwenye manyoya na chui wa madoa. Nilisoma kwenye simu hadi macho yakauma, na kwa majuma kadhaa kila nilichochora kilikuwa maiti ya kitu cha watu wengine. Kisha nikakutana na mahindi. Nikasoma kwamba mahindi yalilimwa kwao maelfu ya miaka kabla hayajafika kwetu, na kwamba baadhi yao walisimulia kuwa miungu ilijaribu kumuumba mtu kwa udongo ikashindwa, ikajaribu kwa mti ikashindwa, mwishowe ikamfinyanga kwa unga wa mahindi. Nilikuwa nimekaa na sahani ya ugali mapajani. Nikamwita mama nikamsomea.

"Mtu wa ugali," mama akasema. "Hao walikuwa Wasukuma."

Kuanzia hapo chumba kikapata pumzi. Hadithi ikawa hivi: wewe na wenzako ni wageni mlioalikwa na kuhani wa mahindi, lakini mmefika mmechelewa miaka elfu moja, msitu umemeza hekalu, na mlango unafunguka kwa neno moja tu, neno la kile mlichoalikiwa. Mafumbo yanawapa mawe sita, kila jiwe na herufi yake, niliyoipaka mwenyewe. K, A, R, A, M, U. Karamu. Nililipenda neno hilo. Lina sauti ya watu wengi chumba cha pili.

Kujenga, alijenga fundi. Alikuwa mtu wa Tinde, wa makamo, mwenye mikono mipana na sauti ndogo. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi naye akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye ubao. Kabla ya useremala wa mjini alikuwa Rwamgasa miaka mingi akifunga matimba, yale magogo yanayopangwa kuzunguka kuta za shimo ili lisiwaangukie wachimbaji. Hekalu langu alilifunga vivyo hivyo. Mimi nilitaka kuta za kuigiza, ubao mwembamba na plasta. Yeye akaweka mninga.

"Fundi, hili ni igizo tu."

"Ukuta hauigizi, dada. Ama umesimama ama umelala."

Kama wengi tuliolelewa kwa Kisukuma, fundi hakutenganisha L na R. Kinywani mwake herufi hizo zilikuwa mapacha: anamwita huyu, anaitika yule. Nilikuwa nimezoea kiasi kwamba kichwa changu kilimsahihisha kabla sauti haijatua, na hapa nimemwandika hivyo hivyo, akiwa amekwisha kusahihishwa. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hadi Dar es Salaam. Mara ya kwanza kusoma hadithi yangu mbele ya wenzangu nilisema "kalatasi", na kijana mmoja mwenye miwani akaniomba nirudie ili na wa nyuma wafaidi. Mwezi mzima nilisimama mbele ya kioo cha bafuni nikisema rara, riri, ruru, kama mtu anayewasha pikipiki. Niliamini ulimi umepona.

Fundi alikuwa na sharti moja, na alilisema siku ya kwanza. Hatakaa ndani ya chumba hicho mlango ukiwa umefungwa. Duara, yaani shimo la dhahabu, walilokuwa wakichimba Rwamgasa lilibomoka mdomoni wakiwa chini, yeye na wenzake wawili, wakakaa siku moja na nusu kabla hawajatolewa. Wote wazima. Zaidi ya hapo hakueleza. Tangu siku hiyo kwake Tinde analala dirisha likiwa wazi hata mvua ikinyesha, na mkewe anahamisha ndoo.

Tatizo ni kwamba tajiri alihitaji mlinzi wa hekalu: mtu wa kuvaa joho, kuingia na kila kundi, kuhakikisha hawang'oi vitu, na kuwapa kidokezo wakikwama. Mtu wa kudumu. Na hakuna aliyekijua chumba kama fundi.

"Kazi ni yako," tajiri alimwambia, "ukiweza kukaa humo saa nzima. Usipoweza, sikulaumu. Nitatafuta mwingine."

Nilikuwepo. Niliona fundi akikunja na kukunjua tepu ya kupimia. Shemeji yake alikuwa akimpigia simu kutoka Rwamgasa karibu kila siku: kuna maduara mapya, mafundi wa matimba hawatoshi, aje. Useremala wa mjini ulikuwa wa leo upo kesho haupo. Ama apate kazi hii ama arudi kule.

"Mama watoto amesema hataki tena kusubiri kwenye mdomo wa shimo," aliniambia baadaye, tukipaka rangi mizizi ya magunia. "Safari ile alikaa pale na mtoto mgongoni. Amesema nikishuka tena, nisimwambie."

"Basi fanya ya hapa."

"Nifanye vipi, dada? Nikikiangalia hicho chumba nikiwa nje, ni chumba. Nikiwa ndani ni kitu kingine."

Nikamwambia tutajaribu kidogo kidogo. Nikamwahidi kwamba siku ya majaribio nitakuwa naye ndani, na kwamba neno tutalijua wote wawili, kwa hiyo mlango utafunguka muda wowote atakaotaka. Niliahidi kwa wepesi, kama mtu asiyewahi kufunikwa na chochote kizito kuliko blanketi.

Kufuli la mlango lilikuwa fahari yetu. Hatukununua. Fundi alichonga magurudumu sita ya mninga, kila moja limezungushiwa alfabeti, akayapanga kwenye fimbo moja ya chuma. Ndani ya kila gurudumu anachonga pengo mahali pa herufi moja tu; mapengo sita yakilingana, komeo linateleza na mlango unafunguka. Yasipolingana hata kwa moja, hutoki. Siku ya kuyachonga mapengo nilikuwa Geita na tajiri, nikiwaeleza watu wa ofisi fulani habari za mtu wa mahindi huku wakitazama saa zao. Fundi akapiga: anataka neno. Nikatoka kwenye veranda, malori yakipita, nikamtumia ujumbe wa sauti. Akajibu kwa neno moja. Sawa.

Majaribio yalikuwa Jumamosi asubuhi. Tuliingia watatu: mimi, fundi, na rafiki yangu tangu shuleni, mwalimu wa hesabu, ambaye hakuambiwa fumbo hata moja. Mlango wa dharura nyuma ulikuwa bado ni mstari wa chaki ukutani; fundi alipanga kuukata wiki inayofuata. Simu zetu tuliziweka kwenye beseni, kama wateja watakavyofanya. Mkoba wake wa vifaa ukabaki nje.

"Tajiri, tukipiga kelele usifungue," nikamwambia. "Watu watapiga kelele sana, ndiyo mchezo wenyewe."

"Hata mkimlilia mama," akasema, akawasha spika. Nyani, ndege, ngurumo za mbali. Fundi akashusha komeo kwa mkono wake mwenyewe na kuvuruga magurudumu. Hilo aliliomba, alifanye yeye.

Dakika za kwanza zilikuwa nzuri. Mwalimu alisukuma kamba za katani akatazama huku na huku.

"Hii ndiyo Meksiko? Mbona kama ngitili ya baba mdogo?"

"Endelea kutafuta."

"Nyoka wenu ana manyoya ya kuku. Huyu jogoo namfahamu."

Fumbo la namba alilimaliza kabla sijakaa. Watu wale wa kale waliandika moja kwa nukta na tano kwa mstari, na sifuri ilikuwa kama gamba la konokono. Mwalimu aliangalia mara moja akasema wanafunzi wake wangependa, maana hakuna kuandika sana. Kokwa za ukwaju, ambazo kwetu zilisimama badala ya kakao, akazipanga kwenye mashimo yake. Fundi alisimama karibu na mlango, kiganja kwenye mbao, akimtazama mwalimu akihangaika na jiwe la nne, na mara mbili nilimwona akitabasamu. Nikamuuliza kama yuko sawa.

"Mhola, mayu," akasema. Salama. Nikaona mambo yanakwenda.

Mwalimu akapata mawe yote sita na kuyapanga kwenye kizingiti. "Karamu," akasoma. "Haya, chakula kiko wapi?" Akazungusha magurudumu moja baada ya jingine, akavuta komeo.

Komeo halikuja.

Akavuta tena. Nikamsogeza, nikazungusha mwenyewe, polepole, herufi zikiwa zimenyooka kabisa kwenye alama. K, A, R, A, M, U. Nikavuta kwa mikono miwili. Ilikuwa kama kuvuta nyumba.

"Fundi, ulichonga neno gani?"

"Karamu."

"Hakika?"

"Karamu, dada. Kama ulivyosema."

Basi neno lilikuwa sahihi. Kilichobaki ni mbao. Mvua mbili zilikuwa zimenyesha juma hilo, mninga umevimba, komeo limebana. Tukaanza kulitikisa, kulipiga kwa jiwe la plasta ambalo lilivunjika vipande, kulipangusa kwa kanga ya mwalimu. Mabati yalianza kupata jua, na joto likateremka juu yetu. Fundi alilivuta komeo mara tatu, bila kuyagusa magurudumu niliyokwisha kuyapanga, kwa ule utulivu wa mtu anayekijua chombo chake. Mara ya nne aliliachia akarudi nyuma.

"Inatosha," nikasema. "Tajiri! Fungua!"

Lakini huwezi kufungua kutoka nje komeo lililo ndani, na hata hivyo tajiri hakuwa na haraka.

"Bado dakika ishirini na tano!" akajibu kwa furaha, kupita sauti ya nyani.

"Tajiri, siyo mchezo! Mlango umekwama kweli!"

"Ndivyo mlivyosema mtasema!"

Nikamsikia akicheka. Mwalimu akaanza kupiga mlango kwa viatu. Nikageuka nikamwona fundi amekwenda pembeni kabisa, kwenye kona ambako mbao mbili kubwa zinakutana, amevua shati, mgongo ameubana kwenye kona. Jasho lilimchuruzika kama mtu aliyemwagiwa maji. Viganja vyake vilipapasa mbao moja baada ya nyingine, juu, chini, juu, kama anayetafuta ile itakayoachia kwanza.

"Juu kuna mtu?" akauliza.

Hakuwa ananiuliza mimi. Mahali pale hapakuwa na juu. Kulikuwa na nje tu, hatua moja kutoka kwetu, na tajiri anacheka kwenye kiti.

"Fundi, tupo ghalani. Ni Shinyanga. Ni asubuhi."

"Najua," akasema. Kisha tena: "Juu kuna mtu?"

Nikarudi kwenye magurudumu. Nikaandika karamu. Nikayavuruga nikaandika karamu. Ilikuwa kama ile sura ya saba, kila ninapofungua nakuta pale pale, isipokuwa sasa mtu niliyemfungia alikuwa na mgongo na pumzi, na pumzi ilikuwa inazidi kuwa fupi. Nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake.

"Fundi, nisikilize. Wakati unachonga, ulibadilisha chochote? Hata kidogo?"

"Sikubadilisha. Karamu."

"Karamu, najua, karamu, lakini haifungui!"

"Siyo karamu," akasema. "Karamu."

Nikadhani amechanganyikiwa. Alinitazama, macho mekundu, kisha akainua mkono akaelekeza kidole upande wa kichwa changu.

"Hiyo."

"Nini?"

"Hiyo ya sikioni. Neno ni hiyo, dada. Ile ya kuandikia."

Nikagusa sikio. Ilikuwepo, biki ya buluu, mahali ambapo hukaa kutwa nzima hadi naisahau.

Kalamu.

Alikuwa amesema kalamu. Mara ya kwanza alisema kalamu, ya pili kalamu, zote kalamu, waziwazi, na mara hizo zote nililipokea neno lake, nikalirekebisha, nikajirudishia la kwangu. Nilikuwa nimezoea mno kumsahihisha kiasi kwamba siku alipokuwa sahihi sikuweza kumsikia. Alikuwa amekaa kwenye kona akitoa jibu kwa sauti, mbele ya mtu aliyejifunza kutolisikia.

Nikarudi mlangoni. Gurudumu la tatu. R. Nikalirudisha nyuma: P, O, N, M, L. Komeo likateleza kama limepakwa mafuta.

Fundi alipita katikati yetu bila kumgusa mtu, akapita beseni la simu, akampita tajiri aliyekuwa ananyanyuka na saa mkononi kusema muda bado upo, akaenda hadi uani kwenye bomba, akaweka kichwa chini ya maji. Akakaa hapo chini ukutani, suruali imelowa. Tajiri alibaki amesimama. Furaha ilimtoka usoni polepole. Akaenda kuzima nyani.

Nilichukua simu. Nilitaka kuthibitisha kwamba kosa ni la sikio la fundi, nakiri; nilitaka kitu cha kumwambia tajiri kisichonihusu. Nikatafuta ule ujumbe wa Geita. Lori linapita, mtu anapiga honi, kisha sauti yangu, sauti ya binti wa nyumbani kwetu anayeongea na mtu wa kwao kwa haraka: "Fundi, weka kalamu. Ka-la-mu. Sawa?" Nilisikiliza mara tatu. Mwalimu alinitazama, kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na utani.

Nikamwambia tajiri. Nikamwekea sauti yenyewe aisikie.

"Herufi siyo shida," akasema. "Herufi tutabadilisha. Mimi nimemwona macho." Akashusha sauti. "Siwezi kumweka humo na wateja. Itakuwa dhambi. Mwambie wewe, au nimwambie mimi?"

Hatukuhitaji. Fundi alikuwa amesogea, shati begani, na amesikia.

"Shemeji ananisubiri Rwamgasa," akasema, kama mtu anayetaja ratiba ya basi. Akanitazama. "Lakini kwanza nataka kuuliza. Wewe ulikuwa humo ndani muda wote unaniongelesha?"

"Nilikuwa nakuongelesha."

"Kuna wakati ulinyamaza. Ulikwenda mlangoni ukanyamaza. Hapo ndipo nilipotoka." Alimaanisha hapo ndipo akili ilipotoka. Kisha akasema, si kwa haraka, kile ambacho hakuwa amekisema miezi yote minne. "Kule chini siku ya kwanza walituita kutoka juu. Majina yetu, wote watatu. Tukawa hatuna wasiwasi, maana watu wapo. Halafu wakanyamaza. Usiku kucha kimya. Tukasema basi, wametuacha, wamekwenda kuwaambia wake zetu. Tulipotolewa nikawauliza kwa nini mliacha kutuita. Wakasema wao walinyamaza ili watusikie kama tunagonga. Na sisi chini tulikuwa kimya ili tuwasikie wao."

Tajiri alisema kitu kwa Kisukuma, taratibu, na fundi akaitikia kwa kichwa.

"Nipe saa moja," fundi akasema. "Sasa hivi. Peke yangu. Nyani wasiwepo. Dada akae nje ya mlango aongee. Asinyamaze. Neno ninalo, nikishindwa natoka. Nikitoka kabla ya saa, naondoka na basi la mchana."

"Aongee nini?" tajiri akauliza.

"Chochote."

Akaingia. Nikasikia komeo likishuka, magurudumu yakivurugwa, moja baada ya jingine. Nikavuta kigoda hadi mdomo ukawa karibu kugusa mbao.

Watu wengi hudhani mwandishi ana maneno. Dakika ya tano yangu yalikuwa yameisha. Nilikuwa nimemaliza hadithi ya kuhani na mtu wa ugali, na ilisikika kama tangazo. Nikaanza kumwambia ninachokiona: kwamba mwalimu amekaa juu ya gunia anapepea kwa daftari langu. Kwamba tajiri anatembea, anafika kwenye lango, anarudi. Kwamba kuna kuku uani na huenda ni nduguye yule aliyetoa manyoya. Nikamwambia habari za mama na chai yake. Nikamwambia kuhusu kioo cha bafuni, rara, riri, ruru, jambo nisilomwambia mtu yeyote Shinyanga, na nikasikia kutoka ndani sauti fupi ambayo sikujua ni kicheko au ni mtu anayekosa hewa, na sikuthubutu kunyamaza ili nijue. Nilipokaukiwa mwalimu alinipa maji, nikaongea nikiwa na maji mdomoni. Nikahesabu malori yanayopita. Nikamtajia mboga zote ninazozifahamu. Nikamweleza yule mwanamke aliyesimama jikoni kwenye sura ya saba, na sikumweleza vizuri.

"Dada," akasema mara moja katikati.

"Nipo."

"Nimesikia. Endelea."

Kuna kufungiwa kwa namna nyingi, na hii ilikuwa mpya kwangu: kuwa nje, chini ya anga yote ile, na kutoweza kusogea hata hatua moja. Mgongo uliuma. Jua lilihamia magotini kwangu. Tajiri aliacha kutembea akaja kukaa chini sakafuni kando yangu, na suruali yake ya kitambaa kizuri, na sauti yangu ilipokuwa inapasuka alidakia yeye, kwa Kisukuma, bei za baiskeli za enzi za baba yake, kisha mimi nikapokea tena.

Saa ya simu ilipolia hakuna aliyesimama. Tukasikia magurudumu. Yalizunguka bila haraka, yote sita, na mlango ukafunguka.

Fundi alitoka ameloa jasho hadi kwenye mkanda, shati limeshikwa mkononi kama kitambaa. Alisimama kizingitini kidogo, akipepesa macho kwa sababu ya mwanga, akatutazama sisi watatu tuliokaa chini.

"Ile kona ya chui," akasema, "rangi haijakauka. Wateja watachafuka. Kabla hatujafungua nitairudia."